Uwanda Uliojaa Hodi

Sauti ya mgeni ilimfikia Twilumba kabla ya mgeni mwenyewe.

Alikuwa ameketi kituoni, kikombe cha chai mkononi, akiusikiliza uwanda kama afanyavyo kila alasiri, mara sikio moja la upande wa mashariki likaleta kikohozi. Zikafuata hatua za mtu anayeburuta miguu kwenye nyasi zilizolowa. Halafu mtu huyo akasimama, katikati ya nyasi, pasipo ukuta wala mlango, akasema kwa adabu zote:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Huyo si ndege," alisema Karani, mashine ya kuhesabu nyimbo za ndege, kutoka kwenye spika ya ukutani.

"Nimeshajua."

"Nimhesabu wapi?"

"Usimhesabu popote. Ngoja nimfuate kabla hajakanyaga kiota cha mtu."

Alivaa koti la mvua akatoka mbio. Huu ulikuwa msimu wa kutaga, na msimu wa kutaga hakuna binadamu asiye wa kituo aliyeruhusiwa kukanyaga Uwanda wa Ilindi, awe injinia au waziri. Ardhini yalikuwa yamepandwa masikio mia nne, kila moja dogo kama kidole gumba, yakinyonya nguvu kidogo kutoka kwenye mizizi ya nyasi na kusikia kila kitu: panya, mvua, hata mchwa wakitafuna. Juu yake ilisimama minara ya upepo, mweupe baada ya mweupe mpaka macho yakachoka, na mapanga yake yalizunguka yakitoa mvumo mmoja mzito ambao Twilumba alikuwa ameuzoea kiasi cha kutousikia tena.

Alimkuta mgeni kwenye mteremko. Mzee mmoja, koti zuri la kwendea kanisani, suruali imekunjwa magotini, viatu amevibana kwapani.

"Shikamoo, baba. Hapa hairuhusiwi kupita."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Kibao nimekisoma. Ndiyo maana nimevua viatu."

"Kibao hakikusema vua viatu."

"Kilisema tusisumbue ndege. Basi mtu unafanya lile unaloliweza." Aliinua uso, akayatazama mapanga yakipita mawinguni. "Kule kwetu tunayaita pangaboi za Mungu. Ingawa Mungu mwenyewe hajawahi kulalamika kwamba anasikia joto."

Twilumba alicheka bila kupenda. Alimshika mkono, akamwonyesha pa kukanyaga, wakarudi kituoni wakifuatana kama watu wanaovuka mto.

Aliitwa Ambilikile Tweve, fundi cherehani wa Mawande, kule chini bondeni. Alikunywa kikombe kizima cha chai kabla ya kusema kilichomleta, na alipokisema hakumtazama Twilumba. Alitazama maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye suruali yake hadi sakafuni.

"Mke wangu anaitwa Subilaga. Amezaliwa hapahapa, kabla watu wa Ilindi hawajahamishiwa chini. Hospitali wamenirudishia. Wamesema kwa upole, lakini wamenirudishia."

"Pole sana, baba."

"Ahsante. Sasa, watu wa Ilindi wana desturi yao. Mtu akifika ukingoni, alfajiri hufunguliwa mlango wa mashariki. Ndege mwananyasi, yule dume, anapiga hodi huko nje. Jike anaitikia, karibu. Mgonjwa akishazisikia zote mbili anajua huko aendako wenyeji wapo. Hafiki kama mgeni kwenye nyumba iliyofungwa." Alikizungusha kikombe kitupu mkononi. "Mimi nimeoa tu huko. Nimelicheka jambo hili miaka yote ya ndoa, na yeye akinicheka kwa kucheka. Sasa nimefungua mlango asubuhi tatu mfululizo, mwanangu, na wanaolia ni kunguru. Kule chini hatuna mwananyasi. Juzi akaniuliza, 'Bado hajaja?' Nikamwambia mvua imemchelewesha."

Twilumba alimhurumia, na pamoja na huruma, aibu iliyoje, alihisi furaha. Maana kama kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho yeye, msikilizaji mkuu wa Ilindi, alikuwa nacho cha kumpa mtu, kilikuwa hicho.

"Baba, umekuja penyewe," alisema. "Tuna nyimbo nyingi hapa kuliko majani. Karani, mwaka huu tukoje?"

"Nyimbo zimeongezeka tena," alijibu Karani. "Ni mwaka wa sita mfululizo."

Akamweleza mzee kwa haraka ya mtu anayependa kazi yake. Wakati minara inajengwa watu waligombana, wengine wakitaka umeme, wengine wakiwalilia ndege. Ndipo ikatungwa sheria ya Kibali cha Wimbo: mapanga yatazunguka msimu wa kutaga maadamu nyimbo za mwananyasi hazipungui. Zikipungua, Karani mwenyewe anayasimamisha. Hana ndugu, hana njaa, hapokei kitu chini ya meza. Twilumba ndiye aliyemfundisha kusikiliza, alipokuwa ametoka tu chuoni, na wiki ijayo angekwenda mji mkuu kueleza jinsi ambavyo Karani anaweza kupelekwa kwenye nyanda nyingine zote zenye upepo.

"Kwa hiyo umeme upo na ndege wapo," alisema mzee taratibu.

"Vyote viwili, baba. Kesho alfajiri fungua mlango, nami nitakupigia simu. Uiweke karibu na sikio la mama. Atasikia nyasi za kwao, papo hapo, si rekodi. Hodi na karibu."

"Sema utajaribu."

"Sisemi nitajaribu. Nakuahidi."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. Kisha akavaa viatu vyake, akakumbuka, akavivua tena, na Twilumba akamsindikiza hadi kwenye lango.

*

Alitaka kujua mapema ni bonde gani lina jozi iliyo karibu na sikio, ili alfajiri asibabaike.

"Karani, nitafutie hodi nzuri ya wiki hii na karibu yake."

"Hodi ninazo. Karibu ni nini?"

"Jibu la jike."

"Sina sauti ya jina hilo."

Twilumba alidhani amemuuliza vibaya. Aliuliza kwa njia nyingine, Karani akajibu vilevile. Basi akaenda kwenye hazina ya zamani, sauti zilizochukuliwa na mwanafunzi mmoja kabla mnara wa kwanza haujasimama, sauti ambazo hakuna aliyezifungua miaka mingi. Angalau ajikumbushe jike analiaje.

Kwanza zilisikika nyasi tu. Halafu mluzi wa dume, noti mbili zinazopanda, wazi kama mtu anayegonga kwa kucha kwenye bakuli la kauri. Halafu, chini kabisa, sauti nzito, fupi, ya kifuani, kama mwanamke anayeitikia kutoka jikoni mdomo umejaa: *mh-hm*.

Halafu kimya.

Twilumba alingoja wimbo wa pili. Haukuja. Alitazama kama kifaa kimekwama, hakikukwama. Kulikuwa na mabawa, yakienda na kurudi. Kulikuwa na kelele nyembamba za vifaranga vikigombea kiwavi. Jua lilichomoza ndani ya ile rekodi, ng'ombe wa mtu wakapita mbali wakilia, na katika asubuhi yote ile dume hakuimba tena zaidi ya mara chache. Alikuwa na kazi. Mume aliyekwisha kuitikiwa hana haja ya kuendelea kubisha.

Alifungua rekodi nyingine. Na nyingine. Asubuhi zote za zamani za Ilindi zilikuwa na utulivu wa nyumba yenye watoto: shughuli nyingi, maneno machache.

Kisha akafungua asubuhi ya leo. Hodi. Hodi, hodi. Hodi, hodi, hodi, kutoka bonde hili na lile, bila kupumzika, tangu alfajiri hadi jua la utosi, sauti ileile ambayo kila mwaka iliwafanya wapige makofi pale mstari wa hesabu za Karani ulipopanda.

Alikumbuka siku aliyomfundisha Karani. Mvumo wa mapanga ulikuwa ukichafua sauti zote, na yeye, kwa kutaka kazi iwe safi, alimwamuru azitupe sauti zote nzito za chini. Lilikuwa jambo la kawaida, kila mtu angelifanya. Na sauti ya jike ilikuwa humohumo katika sauti hizo za chini, imekaa juu ya mvumo wa mapanga kama unga juu ya unga.

Karani mwenye masikio mia nne hakuweza kuitenganisha. Na dume, mwenye masikio mawili madogo kama punje za ulezi?

"Karani," alisema, "mtu anayepiga hodi kutwa nzima ni mtu wa namna gani?"

Karani alifikiri. "Sijafundishwa."

"Ni mtu ambaye hajafunguliwa."

"Kibali kinasema nihesabu nyimbo. Nyimbo zimeongezeka."

"Sikulaumu," alisema Twilumba, akaweka kichwa juu ya meza.

*

Injinia Obedi Mgaya, msimamizi wa minara, alipanda kutoka kambini mara alipopigiwa simu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kawaida ya kuingia mlangoni akiwa ameshaanza utani. Safari hii utani uliishia njiani, kwa sababu alimkuta Twilumba amekaa sakafuni, na kwenye spika sauti moja ya zamani inalia *mh-hm* na kurudia.

Alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. Mwishoni akakaa naye sakafuni, akijishikilia mgongo.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Vizuri. Sasa tulia, tufikiri kama watu wazima. Una uhakika?"

"Mwananyasi haishi zaidi ya miaka saba, Injinia. Kibali kina miaka sita. Hawa tunaowasikia walizaliwa kabla ya minara." Alielekeza kidole kwenye spika. "Hakuna vijana humo. Tunawasikiliza wazee."

Mgaya alifuta uso kwa kiganja. "Mimi nilicheza ngoma mwaka jana namba zilipotoka. Ulinipiga picha."

"Nilikupiga."

"Basi sikiliza. Ukimfungulia Karani ile sauti ya chini, atasikia. Akisikia atahesabu. Akihesabu atayafunga mapanga mpaka msimu uishe, miezi minne, na mimi sina ufunguo wa kumzuia, wala wewe. Tulimjenga hivyo makusudi, ili siku moja tusije tukashawishika kudanganya. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Maji ya mabwawani yamepungua. Mvua ndiyo kwanza inaanza. Vijiji vyote vya mteremko huu vinategemea sisi. Mashine za kusaga, maji ya bomba, kituo cha afya cha Mawande na wale watoto njiti wao. Ngoja msimu uishe. Tutapunguza kasi, tutabadilisha mapanga, tutarekebisha kimyakimya. Naapa kwa mama yangu."

"Msimu ukiisha watakuwa wamekwisha."

"Hujui hilo."

"Sijui. Ila wewe ungesubiri, kama ni wanao wanaokwisha?"

Mgaya aliitazama spika. Akasema, kwa sauti ya chini, "Na huyo mama mgonjwa, mchezee rekodi ya zamani. Atajua wapi?"

Twilumba alikuwa ameshalifikiria. Alikuwa amelifikiria kwa muda mrefu kuliko angependa kukiri. "Ile ni sauti ya ndege waliokufa. Mtu anauliza kama wenyeji wapo, nimjibu wapo kwa mdomo wa marehemu?"

"Na kama kesho hakuna jike hata mmoja?"

"Basi nitamwambia hakuna."

Mgaya aliinuka kwa shida. Mlangoni aligeuka. "Usifanye lolote kabla ya kunitaarifu."

"Nimeshakutaarifu, Injinia."

Alipobaki peke yake alimpigia simu mama yake aliyeko Mawande. Hakujua amwambie nini, kwa hiyo aliuliza habari za nyumbani, na mama akampa habari za nyumbani: paa limeacha kuvuja, paka amezaa kwenye kikapu cha nguo, na mjukuu wa Mama Enea bado yuko kwenye boksi la joto pale kituo cha afya. "Nimekwenda kumwona. Kucha zake kama punje za mchele! Lakini ananyonya, mshenzi yule. Ataishi."

"Mama, umeme ukiondoka miezi michache, itakuwaje?"

"Usinitanie, Twilumba."

"Nauliza tu."

"Basi usiulize. Tumekaa gizani maisha yetu yote, tumetoka. Mtu aliyetoka gizani haulizwi kama anaweza kurudi."

Twilumba aliaga. Kisha alipiga simu kituo cha afya, akaongea na muuguzi wa zamu, akamwomba waandae betri na jenereta yao kuukuu, waijaze mafuta, waijaribu kabla ya alfajiri. Muuguzi akauliza kuna nini. Twilumba akasema kutakuwa na kimya, na kwamba huenda kikawa kirefu. Muuguzi akamtukana, si kwa ukali, kama mtu aliyechoka, akaenda kuitafuta jenereta.

*

Alfajiri Twilumba alipiga simu kama alivyoahidi, na upande wa pili Ambilikile alikuwa ananong'ona.

"Nimefungua mlango. Kuna baridi, nimemfunika mablanketi mawili na koti langu. Subi, amka mke wangu, yule binti wa kituoni Ilindi yuko hewani." Nyuma ya sauti yake Twilumba aliisikia pumzi ya Subilaga. Ilikuwa inakuja kwa mbali, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu, akipumzika kila pingili ya kamba.

"Shikamoo, mama," alisema Twilumba. Ndoo ilivutwa, ikatulia. Aligeukia spika. "Karani, naomba kimya cha kupima."

Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa na mamlaka nacho: robo saa ya kusimamisha mapanga ili masikio yakaguliwe.

"Sababu?"

"Kukagua masikio."

"Imekubaliwa."

Nje, katika weupe wa kwanza wa mbingu, mapanga yalianza kuchoka. Yalizunguka polepole, yakazunguka kwa uvivu, yakasimama. Na mvumo ukaondoka. Twilumba alishtuka, akashika meza. Alihisi kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo kichwani miaka sita bila kujua, kisha akatuliwa. Chini ya mvumo kulikuwa na ulimwengu mzima. Alisikia umande ukidondoka. Alisikia nyasi zikijinyoosha.

Kisha madume wakaanza. Hodi, kutoka kwenye chemchemi. Hodi, hodi, kutoka mteremko wa mashariki. Punde uwanda mzima.

"Nasikia," alinong'ona mzee. "Subi, unasikia? Ndiye huyo! Si unaona, nilikwambia ni mvua tu ilimchelewesha." Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Na mwenzake?"

Sasa Twilumba hakuwa na mahali pa kujificha. Ili jike asikike, ilibidi sauti ya chini ifunguliwe.

"Karani, futa amri yangu ya kutupa sauti za chini. Tafuta jibu la jike. Nakupa mfano." Akampa rekodi ya zamani.

"Nimepokea. Sauti hii inahusu kutaga?"

"Ndiyo."

"Basi kwa Kibali nayo ni wimbo, ni lazima niihesabu. Kila hodi itatafutiwa karibu yake. Nikimaliza nitatoa hukumu ya Kibali. Unaelewa?"

"Naelewa."

Robo saa ikapita. Hodi zilikuwa mvua, na chini yake hapakuwa na kitu. Redio ya mezani ilianza kulia, sauti ya Mgaya: mbona mapanga yamesimama, mbona Mawande wanapiga simu. Karani aliuliza kama ayawashe.

"Ongeza robo saa."

"Sababu?"

"Kuna mgonjwa."

"Sababu hiyo haimo katika orodha."

"Basi andika nilichokuwa nimesema mwanzo. Nakagua masikio." Na ilikuwa kweli, hakuwahi kuyakagua kama alivyokuwa akiyakagua sasa, moja baada ya jingine, akifumba macho.

Mgaya aliingia akihema, kofia ya pikipiki bado kichwani. Alimtazama Twilumba, akatazama simu, akasikia ile pumzi. Alisimama palepale mlangoni. Ndoo ikavutwa. Ikatulia. Ikavutwa. Ikatulia, na wote wawili wakangoja, na kamba haikuvutwa tena.

Madume wa Ilindi waliendelea kubisha.

"Mwanangu," alisema Ambilikile. "Amekwenda."

Twilumba alifunika mdomo kwa mkono.

"Amekwenda kabla hajaitikiwa. Ila mlango bado nimeuacha wazi. Sijui kama kwao inaruhusiwa. Nimekaa tu."

Mgaya alisogea. Aliongea taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto aliyepanda juu ya paa. "Twilumba. Karani bado hajamaliza kuhesabu. Funga hiyo sauti ya chini sasa hivi, washa mapanga, na hakuna hukumu itakayotoka. Mama wa watu amekufa. Mungu amlaze pema. Hatuwezi kumfanyia kitu tena. Wale watoto njiti wako hai."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hilo ndilo lililomuumiza, kwamba hakukuwa na hata neno moja la uongo ndani yake. Alifikiria kucha kama punje za mchele. Alifikiria mama yake akipapasa ukutani kutafuta kiberiti. Kisha alifikiria mtu mmoja kule bondeni, aliyekaa kwenye baridi bila koti, na simu ameielekeza kwenye sikio lisilosikia.

"Sikumwahidi kwamba atapona," alisema. "Wala kwamba atakuwa hai. Nilisema nitamsikilizisha hodi na karibu."

"Na kama haipo?"

"Niache nitafute, Injinia. Nakuomba."

Mgaya angeweza kumsukuma. Kitufe cha kufunga sauti ya chini kilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na mkono wake uliinuka kidogo, ukabaki hewani. Redio ikaita. Mgaya akaizima.

"Sababu?" aliuliza Karani, robo saa nyingine ilikuwa imekwisha.

"Nakagua masikio," alisema Injinia Mgaya.

Jua lilipanda. Mwanga ulifika chini ya minara, ukavuka nyasi. Lilikuwa sikio la mbali kabisa, ukingoni mwa kinamasi, mahali ambapo hata mapanga yakizunguka mvumo wake ulifika kwa mbali. Dume mmoja alipiga hodi yake, noti mbili zikipanda. Na chini yake, nzito, fupi, ya kifuani:

*Mh-hm.*

Dume akanyamaza katikati ya wimbo uliofuata. Alinyamaza ghafla, kama mtu aliyekwisha kusahau kwamba milango hufunguliwa. Mahali pengine pote hodi ziliendelea, mamia, lakini pale kinamasini palikuwa na kimya, kisha mabawa.

"Ni yeye?" aliuliza Ambilikile.

"Ni yeye, baba."

Ilirudi mara ya pili, *mh-hm*, na kwenye simu kulisikika mkwaruzo wa blanketi, kama mtu anayeisogeza simu karibu zaidi, taratibu, asije akaamsha mtu.

"Nimemaliza," alisema Karani. "Karibu ni moja. Mapanga hayatazunguka tena msimu huu. Taarifa nimeituma kwa wote wanaohusika, pamoja na jina la aliyenifundisha na la aliyefungua sauti. Majina yote mawili ni yako. Nimeandika sawa?"

"Umeandika sawa."

Mgaya alivua kofia ya pikipiki, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama wanaume wanavyoshika kofia makaburini.

"Ahsante, mwanangu," alisema Ambilikile. Sauti yake ilikuwa imenyooka, ya mtu aliyetimiza zamu. "Unajua, watu wa Ilindi hawaruhusu kilio kabla marehemu hajaitikiwa. Majirani wamekaa huko nje tangu alfajiri, wamebana vinywa. Ngoja niwaambie."

Hakukata simu. Hatua zake ziliondoka, zikafika mlangoni, akasema neno moja ambalo Twilumba hakulipata. Ndipo mwanamke wa kwanza akalia, akafuatwa na wa pili, kisha wote, na kilio kikajaa chumba kizima cha kituo mpaka vioo vikatetemeka.

Mgaya alinyoosha mkono kuelekea kwenye spika apunguze sauti. Twilumba alimshika mkono, akaurudisha chini, akaketi, akasikiliza.